Utumbo ukikosa damu, je, unga wa dukani husaidia?

KATIKA maduka ya dawa na yale yanayouza vyakula vya wanamichezo jijini Nairobi, rafu zimesheheni mikebe ya unga na chupa za vidonge vinavyonadiwa kuwa na uwezo wa kulinda au kukarabati utumbo. Majina ya viungo vilivyomo ni mageni masikioni mwa wengi: glutamini, sitrulini, zinki, dang'a ya ng'ombe iliyokaushwa, bakteria wema. Bei yake nayo si ya mtu wa kipato cha chini.

Madai hayo hayakuzuka hivi hivi tu. Mengi yametokana na utafiti wa zaidi ya miaka 40 kuhusu tatizo ambalo madaktari wa upasuaji wanalijua vyema, yaani utumbo ulionyimwa damu kwa muda kisha damu ikarejea. Linalozua mjadala ni iwapo kilichoonekana katika maabara humfaa binadamu, na kama kinamfaa, ni binadamu yupi. Mwanariadha anayejiandaa kwa mbio, mgonjwa mahututi hospitalini na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wote wanaweza kupatwa na tatizo hili, lakini kinachomfaa mmoja kinaweza kumwangamiza mwingine.

Mtu anapokuwa ametulia, viungo vya kusaga chakula hupokea takriban sehemu moja kwa tano hadi robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hubeba oksijeni hadi kwenye utando wa ndani wa utumbo mwembamba, ambao una mamilioni ya vijinyama vidogo mfano wa vidole. Hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Utando huo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano, kazi inayohitaji nishati nyingi mno.

Maumbile ya vijidole hivyo yana kasoro moja. Mshipa unaopandisha damu hupita katikati, na ile inayoteremsha imepakana nao. Sehemu ya oksijeni huvuja kutoka mshipa wa kupanda hadi wa kuteremka kabla ya kufika kileleni. Kwa hivyo hata katika hali ya kawaida ncha za vijidole huishi kwa oksijeni haba, na damu inapopungua ndizo za kwanza kufa. Mwili nao hauuonei utumbo huruma. Mtu anapopoteza damu nyingi katika ajali ya barabarani, au anapopatwa na maambukizi makali yanayoporomosha shinikizo la damu, mishipa ya tumboni hubanwa ili damu iliyosalia ielekezwe kwenye ubongo na moyo.

Kuna pia hali ambapo mshipa wenyewe huziba au kunyongwa. Katika eneo la Afrika Mashariki, msokoto wa utumbo mpana ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za utumbo kuziba kwa watu wazima. Ngiri iliyojibana na kukataa kurudi ndani ni sababu nyingine. Kwa watoto wachanga, sehemu moja ya utumbo inaweza kujiingiza ndani ya nyingine kama mkono wa shati unavyojikunja. Aidha, wapo watu ambao mapigo yao ya moyo yamekwenda mrama, hususan wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambao moyo wao unaweza kutunga donge la damu likasafiri hadi kwenye ateri kuu ya utumbo mwembamba na kuiziba ghafla. Kwa hawa wa mwisho, vifo hufikia nusu ya wagonjwa au zaidi, hata katika nchi zenye hospitali za kisasa.

Mtu angetarajia kwamba damu ikirejeshwa, madhara hukoma papo hapo. Sivyo. Mwaka 1981, Neil Granger, Joe McCord na mwenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyiwa paka, wakaonyesha kuwa sehemu ya uharibifu wa utumbo husababishwa na aina haribifu ya oksijeni ambayo huzuka damu inaporudi. Mwaka 1986, Granger na Dale Parks walitoa matokeo ya kushangaza zaidi: utumbo ulionyimwa damu kwa saa tatu kisha ukarejeshewa kwa saa moja uliumia kuliko ule ulionyimwa kwa saa nne mfululizo.

Maelezo yake ni haya. Chembechembe za utumbo zinapokosa oksijeni huchoma akiba yake ya nishati hadi ikabaki takataka iitwayo haipozanthini. Wakati huo huo, kimeng'enya kimoja kilichomo ndani yake hubadilika umbo na kupata tabia mpya. Damu inaporejea na oksijeni tele, kimeng'enya hicho hukutanisha oksijeni na takataka ile, na matokeo yake ni chembe haribifu zinazotoboa kuta za chembechembe. Seli nyeupe za damu huvutiwa na fujo hiyo, zikaingia na kuzidisha uharibifu. Utando ukishatoboka, bakteria na sumu zilizokuwa ndani ya utumbo hupata njia ya kuingia mwilini, na mgonjwa aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo anaweza kuishia kushindwa kupumua au figo zake zikakoma kufanya kazi.

Hapo ndipo wazo la virutubishi lilipopatia nguvu. Ikiwa adui ni chembe haribifu za oksijeni, basi vitamini C na E, zinki na madini ya seleniamu, ambavyo husaidia kuzizima, vingefaa. Na ikiwa utando unahitaji nishati ili ujijenge upya, basi upewe kile unachokipenda. Mwaka 1974, Herbert Windmueller na Albert Spaeth walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa utumbo wa panya haupendelei sukari peke yake, bali hunyakua kiasi kikubwa cha glutamini kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni. Glutamini ni mojawapo ya vijenzi vya protini. Mwili hujitengenezea wenyewe, na pia hupatikana katika nyama, maziwa, mayai na maharagwe. Lakini wakati wa ugonjwa mkali kiwango chake katika damu huporomoka.

Majaribio ya panya yalifuatana, na mengi yalileta habari njema. Panya waliopewa glutamini walibaki na vijidole virefu na utando usiovuja sana.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wauzaji hawalitaji. Katika mengi ya majaribio hayo panya alipewa kirutubishi kabla mshipa wake haujafungwa. Mtafiti alijua saa na dakika ambayo damu ingekatika. Mgonjwa anayeletwa kwa matatu usiku wa manane akiwa amejikunja kwa maumivu hakuonywa siku saba mapema. Anapofika hospitalini damu ilikwisha katika, pengine kwa saa nyingi, na utumbo ambao ungepokea kirutubishi hicho hauwezi tena kufyonza chochote.

Binadamu walipopimwa kwa idadi kubwa, matumaini yaliingia ufa. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daren Heyland wa Canada, uliohusisha wagonjwa 1,223 waliokuwa wakipumua kwa mashine na ambao viungo vyao kadhaa vilikuwa vimeanza kushindwa. Walikuwa katika vyumba 40 vya wagonjwa mahututi nchini Canada, Marekani na barani Ulaya. Baadhi walipewa glutamini kwa wingi, wengine seleniamu, zinki na vitamini, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote cha ziada. Seleniamu na wenzake havikuleta tofauti. Waliopewa glutamini walikufa zaidi: katika siku 28, asilimia 32.4 yao walifariki, ikilinganishwa na asilimia 27.2 ya wale ambao hawakuipata. Baada ya miezi sita pengo hilo lilikuwa bado lipo.

Watetezi wa glutamini walisema wagonjwa hao walikuwa wamezidiwa mno, na kwamba walioungua moto wangefaidika. Hoja hiyo nayo ilijaribiwa. Mwaka 2022, jarida hilo hilo lilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa wapatao 1,200 wenye majeraha makali ya moto katika nchi 14, ambao walipewa glutamini kupitia tumboni. Haikupunguza muda wa kulazwa. Wala haikuokoa maisha.

Kisa kinachostahili kujulikana zaidi ni kile cha Uholanzi. Madaktari wa nchi hiyo walikuwa wakisaka njia ya kuzuia maambukizi kwa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho. Walidhani wangewapa bakteria wema, wale ambao kwa namna fulani ni jamaa wa walio katika maziwa lala, wangewafukuza bakteria wabaya na kuuimarisha utando wa utumbo. Kwa watu wengi jambo hilo lilionekana salama kama kunywa maziwa. Wagonjwa 298 katika hospitali 15 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipewa mchanganyiko wa bakteria kupitia mrija ulioteremshwa hadi kwenye utumbo mwembamba, na waliosalia wakapewa unga usio na kitu.

Matokeo yalipotolewa katika jarida la The Lancet mwaka 2008, yaliwatia wengi baridi. Maambukizi hayakupungua. Katika kundi la bakteria walifariki watu 24, sawa na asilimia 16, na katika lile lingine watu tisa, sawa na asilimia sita. Zaidi ya hayo, wagonjwa tisa waliopewa bakteria walipatwa na utumbo uliokosa damu, na wanane kati yao wakafariki. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja aliyepatwa na hali hiyo.

Yaani kirutubishi kilichokusudiwa kuulinda utumbo kilihusishwa na hali ile ile iliyohofiwa. Maelezo waliyopendekeza watafiti ni kuwa wagonjwa hao walikuwa na damu haba tumboni, na kuongezewa mamilioni ya viumbe hai pamoja na chakula katika utumbo huo kuliongeza mahitaji ya oksijeni, au kulichochea uvimbe katika utando uliokuwa tayari hoi.

Fikra hiyo ya mahitaji kuzidi ugavi ilipata nguvu miaka 10 baadaye. Mwaka 2018, utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa 2,410 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeporomoka na ambao walikuwa wakipumua kwa mashine, ulilinganisha kulisha mapema kwa mrija wa tumboni na kulisha kupitia mshipani. Vifo havikutofautiana. Lakini utumbo uliokosa damu ulionekana kwa wagonjwa 19 waliolishwa tumboni, dhidi ya watano waliolishwa mshipani. Kufyonza chakula ni kazi, na kumpa kazi kiungo ambacho hakina hewa ni kukiongezea masaibu.

Hii haina maana kuwa mgonjwa aachwe na njaa. Utumbo usiopitisha chochote kwa siku nyingi hunywea, na vijidole vyake hufupika. Ndiyo maana madaktari wengi wa wagonjwa mahututi husubiri kwanza shinikizo la damu litulie, kisha huanza kulisha kwa kiasi kidogo kidogo na kuongeza taratibu huku wakichunguza iwapo tumbo linafura. Chakula cha kawaida cha hospitali, kikitolewa kwa wakati wake, kina ushahidi mzuri kuliko mkebe wowote wa bei ghali.

Tukigeukia uwanja wa riadha, mambo huwa tofauti kidogo. Nchi ya wakimbiaji kama Kenya ina sababu ya kufuatilia suala hili kwa karibu. Mtu anapokimbia kwa kasi, damu huelekezwa kwenye misuli na ngozi, na ile inayokwenda tumboni inaweza kupungua hadi kwa asilimia 80. Ndiyo sababu wakimbiaji wa masafa marefu hupata kichefuchefu, msokoto wa tumbo na kuharisha, na mara chache choo chenye damu. Joto na ukosefu wa maji huzidisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walithibitisha mwaka 2011 kuwa saa moja tu ya kuendesha baiskeli kwa nguvu inatosha kuujeruhi utumbo wa kijana mwenye afya, kiasi kwamba protini ambayo hukaa ndani ya chembechembe za utumbo huonekana katika damu. Hata hivyo, jeraha hilo ni dogo na hupona lenyewe.

Kundi hilo la Maastricht lilijaribu sitrulini. Hiki ni kijenzi ambacho jina lake la kigeni limetokana na jina la kisayansi la tikitimaji, na mwili hukigeuza kuwa arjinini, ambayo husaidia mishipa ya damu kutanuka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa gramu 10 zilizonywewa kabla ya mazoezi ziliongeza damu tumboni na kupunguza jeraha. Lakini waliopimwa walikuwa wanaume 10 tu. Anayetaka kuzipata gramu hizo kutoka kwa tikitimaji lenyewe itambidi ale kilo kadhaa kabla ya kufunga kamba za viatu, na hapo tumbo litamsumbua kwa sababu nyingine kabisa.

Dang'a ya ng'ombe nayo ina ushahidi wa kiasi. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011, wakimbiaji 12 waliokunywa unga wake kwa majuma mawili walionekana kuwa na utumbo usiovuja sana baada ya mbio kuliko walipokunywa unga wa kulinganishia. Tena, ni watu wachache, na kilichopimwa ni uvujaji, si ushindi wala ugonjwa.

Kwa mwanariadha, linalojulikana kwa uhakika zaidi ni kile anachopaswa kukiacha. Wengi humeza tembe za ibuprofen kabla ya mbio ili kuzuia maumivu. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht walionyesha kuwa tembe hizo huzidisha jeraha la utumbo linaloletwa na mazoezi, kwani huzuia kemikali zinazoulinda utando na kuuletea damu. Mtu anaweza kutumia maelfu ya shilingi kununua unga wa kulinda utumbo, kisha akaubomoa utumbo huo kwa tembe za shilingi chache. Isitoshe, unga wenyewe unaweza kuwa umechanganywa na kitu kilichopigwa marufuku, na chini ya kanuni za kimataifa mwanariadha ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake. Shirika la kupambana na matumizi ya pufya nchini, ADAK, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, halitampokea kwa kisingizio kuwa mkebe haukuandikwa. Nchini Marekani, zinakotengenezwa bidhaa nyingi za aina hii, sheria ya mwaka 1994 haimtaki mtengenezaji athibitishe kuwa bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza.

Kuna kundi moja ambalo lishe imethibitika kulilinda dhidi ya utumbo kuoza, nalo ni la watoto wanaozaliwa kabla ya kutimiza miezi. Utumbo wao haujakomaa na mtiririko wa damu yake ni dhaifu. Maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo ikilinganishwa na maziwa ya kopo. Mama asipoweza kunyonyesha, maziwa ya mama mwingine yaliyochemshwa kwa utaratibu maalumu huwa chaguo la pili. Benki ya kwanza ya maziwa hayo nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani, Nairobi.

Kuhusu kuwapa watoto hao bakteria wema, majibu yanakinzana. Ziko tafiti zilizoonyesha faida. Lakini jaribio kubwa la Uingereza la watoto 1,315, lililochapishwa mwaka 2016 na kutumia aina moja ya bakteria, halikuona manufaa. Mwaka 2023, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto mmoja aliyezaliwa mapema kufariki kwa maambukizi ya bakteria waliotoka katika bidhaa aliyopewa. Uamuzi wa namna hiyo ni wa daktari wa watoto, si wa muuzaji wala wa jirani.

Kwa mtu mzima aliye nyumbani, hatari kubwa ya mikebe hii pengine si kilichomo ndani bali saa inazopoteza. Utumbo uliozibwa damu kabisa unaweza kuoza ukuta mzima kwa muda wa takriban saa sita. Dalili yake mwanzoni hudanganya: maumivu huwa makali kupita kiasi ilhali tumbo likibonyezwa ni laini. Baadaye huja kutapika, kufura, kutopitisha upepo wala choo, na damu. Ngiri ambayo ilikuwa ikirudi ndani kisha ikakataa, ikawa ngumu na yenye kuuma, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Donge la damu huondolewa na daktari, msokoto hukunjuliwa na daktari, na hakuna unga unaofanya kazi hizo.

Baada ya upasuaji ndipo virutubishi vya nyongeza hupata kazi yake halali, ingawa si vile vinavyotangazwa. Mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi kwa wingi, na mchanganyiko wa sukari na chumvi anaopewa mtoto anayeharisha humfaa kuliko maji matupu, kwa kuwa sukari huvuta chumvi na maji kupitia ukuta wa utumbo. Anaweza kupungukiwa na magnesiamu, zinki na vitamini A, D, E na K, ambazo hufyonzwa pamoja na mafuta. Hupimwa damu kwanza, kisha akaongezewa kinachokosekana.

Na iwapo kilichokatwa ni kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, atahitaji vitamini B12 kwa sindano, huenda kwa maisha yake yote, maana ni hapo tu inapofyonzwa vyema. Wengi huondoka hospitalini bila kulifahamu hilo. Ini huwa na akiba ya vitamini hiyo ya miaka kadhaa, hivyo upungufu huchelewa kuonekana. Ganzi ya miguu, uchovu na usahaulifu hujitokeza wakati kovu la tumboni limekwisha kupona na hakuna anayekumbuka kulihusisha na upasuaji wa zamani, ila mgonjwa mwenyewe amtajie daktari.